Kipimo cha Siku ya Kwanza

Wiki iliyopita tulimwacha Jere Hyttinen kifudifudi juu ya barafu, damu mdomoni, na uwanja wote wa Nurmes kimya. Msomaji mmoja ameniletea salamu kwamba nikimuua kijana yule ataacha kununua gazeti. Punguza jazba, ndugu yangu. Nunua kwanza, unune baadaye.

Jere hakufa. Alikuwa anasikia.

Alisikia viatu vya barafu vikikwaruza karibu na sikio lake, kisha mtu akainama na kumnong'oneza.

"Kimmo, inuka. Kimmo, wanakutazama."

Ilikuwa sauti ya Tuomo Hakkarainen, kepteni wa timu ya hoki ya Saukot. Tangu kambi ianze alikuwa akimwita Jere kwa jina hilo. Kimmo ndiye aliyevaa jezi namba kumi na saba kabla yake, rafiki mkubwa wa kepteni, na alikuwa amekwisha kuhamia Uswidi. Wachezaji walicheka kila mara, wakijua wakongwe wana namna zao za kuwasumbua wageni.

Wanakutazama. Neno hilo ndilo lililomwinua Jere, siyo nguvu zake.

Maana yalikuwa mazoezi ya asubuhi tu, lakini kule jukwaani, vikombe vya kahawa mkononi, walikaa wawili walioshika maisha yake. Mmoja alikuwa kocha Lohilahti. Wa pili ni Aune Tiilikka, mtafuta vipaji, mama aliyemwona Jere akicheza kule kwao Valtimo na kumwambia kocha kwamba huyu asipofaa, na yeye afukuzwe. Chipukizi wengine wote walikuwa wameshapimwa, wa kubaki wamebaki, wa kurudi kwao wamefunga mabegi. Ilibaki nafasi moja, na mchezo wa mchana huo, timu ikigawanywa pande mbili icheze yenyewe kwa yenyewe, ndio ungeamua nani aipate: Jere, au yule Mlatvia aliyesajiliwa kwa majaribio, Raivis Kalve, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemwangusha.

Jere alifumbua macho. Kisahani cheusi cha raba, kile kinachopigwa kwa magongo, kilikuwa mbele ya pua yake.

Vilikuwa viwili.

Akafumba jicho moja, kikabaki kimoja. Akalifumbua, na kile cha pili kikarudi taratibu, kama jirani aliyesahau mwavuli wake. Hapo ndipo Jere alipoogopa, woga wa kweli.

Alisimama. Akatema damu, akacheka, akamwambia Raivis kwamba bibi yake kule Valtimo humkumbatia kwa nguvu kuliko hivyo. Wenzake wakagonga magongo yao kwenye barafu, ko ko ko, kama wachezaji wa hoki wanavyompa heshima mtu wao. Jere akainua mkono kuwashukuru, na mkono wenyewe akauona una vidole vingi.

Daktari Hilkka Saarelma hakucheka. Alimwonyesha kwa kidole mlango wa chumba chake.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo lilipofichwa joka la hadithi hii.

Kila mchezaji, siku ya kwanza ya kambi, hupimwa akili. Daktari humsomea maneno ayashike, humtaka ataje miezi kinyumenyume, humweka mbele ya kompyuta abonyeze kitufe taa inapogeuka rangi. Akigongwa kichwa baadaye, hupimwa tena. Akishuka chini ya alama zake za mwanzo, hachezi. Mpango mzuri kabisa, umebuniwa na watu wenye akili.

Wachezaji wakaupatia dawa. Siku ya kwanza wanajifanya wajinga.

Jere aliambiwa siri hiyo ndani ya sauna, na Tuomo mwenyewe. Kepteni alichota maji kwa upawa, akayamwaga juu ya mawe, mvuke ukapanda, akasema: "Siku ya kwanza kuwa mjinga, dogo. Mjinga hana pa kuangukia. Mimi kuna mwaka nilifeli mpaka daktari akaniuliza kama najua kusoma." Akacheka, akajipiga paja. Jere naye alicheka. Angefanya nini? Picha ya mtu huyo ilikuwa ukutani kwao tangu akiwa na meno ya utoto. Tuomo angemwambia ale mawe ya sauna, angeuliza ayale na haradali au bila.

Basi siku ya kwanza aliposomewa maneno yake, nyundo, mkate, dirisha, kondoo, ufunguo, alitaja matatu. Kondoo na ufunguo aliyameza makusudi. Kwenye miezi akairuka Aprili, huku akijikaza asicheke.

Ndiyo maana sasa, alipokaa kwenye kiti kilekile, hofu ilimpungua kidogo. Akajisemea kwamba akiba ipo. Leo angetoa kila alichonacho, ashinde kwa mbali, daktari aridhike, mchana acheze.

Daktari Hilkka akamsomea maneno mengine. Jere aliyashika kwa nguvu zote. Akafumba macho, akayarudia moyoni, akayashika tena. Alipoulizwa, alitaja la kwanza. Akataja la pili. Akataja la tatu.

Akangoja. Hakuna kilichokuja. Pale yalipotakiwa kuwapo maneno mawili ya mwisho palikuwa peupe tu.

Akataja miezi kinyumenyume, kwa makini, akaona ameimaliza yote.

"Umeiruka Juni," daktari alisema, akaandika. Kisha akatazama alama za zamani na za sasa, akashusha pumzi. "Haya. Uko sawasawa na siku ya kwanza. Ungeshuka hata kidogo ningekuzuia, lakini hujashuka. Ukisikia kichefuchefu unaniambia, sawa?"

Jere aliitikia sawa. Akatoka, akaegemea ukuta wa korido.

Siku ile aliigiza. Leo hakuigiza.

Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi kule ni supu ya njegere, mpende msipende. Jere alikaa mwisho wa meza akikoroga haradali ndani ya bakuli bila kula. Taa za dari zilimchoma macho. Tuomo alipita na sinia lake, akampiga bega, akasema hapo sasa mtu amekuwa mwanaume, akaenda zake. Wengine wakaja kumpongeza kwa kufaulu kipimo. Hakuna aliyeuliza amefaulu vipi. Kila mmoja pale alikuwa na ujinga wake wa siku ya kwanza.

Kisha Raivis akaja kukaa mbele yake. Lilikuwa jitu pana kama mlango wa ghala, na Kifini chake alikuwa amekiokota huku na huku.

"Wewe usicheze mchana," alisema.

Jere akamwambia angependa sana, sivyo? Nafasi iwe yake bila jasho.

"Nafasi naitaka. Nina mke, nina mtoto, naitaka." Raivis alisogeza bakuli pembeni. "Lakini mimi nimeona macho yako pale chini. Yalikuwa wazi, na wewe hukuwemo."

Jere akasema yumo, anamwona vizuri. Raivis akaonyesha vidole, akamuuliza vingapi. Jere akamwambia aende akamhesabie vidole mwanawe. Ulikuwa utani mbaya, lakini ulimwokoa asijibu.

Mlatvia hakukasirika. Alipunguza sauti.

"Kocha kaniita asubuhi. Kaniambia, Raivis, mtu yeyote akiinamisha kichwa, mgonge. Akitazama kwingine, mgonge. Sijali ni nani, nataka kuona kama unaweza. Nisipogonga, narudi kwetu. Umenielewa? Mchana nitakuja tena. Siwezi kutokuja."

Akachukua bakuli lake akaondoka, na Jere akabaki akijaribu kukumbuka kama supu ile alikuwa ameionja.

Unajua ewe msomaji ungefanya nini? Ungekwenda kwa daktari mbio. Nami hivyo hivyo, mimi nikiumwa jino mtaa mzima unajua. Lakini sisi hatukulala miaka yote tukiota kitu kimoja. Jere alijiambia ni mchezo mmoja tu. Acheze mmoja, apate nafasi, kisha apumzike wiki nzima kwa kisingizio cha mafua. Alikwenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akavaa, akakaa kwenye nafasi yake, akalichukua gongo lake.

Akaligeuza huku na huku.

Gongo lilikuwa limefungwa utepe mweupe. Jere hajawahi kufunga utepe mweupe. Ni mweusi, kuanzia kisigino kwenda kwenye ncha, hivyo baba yake alivyomfundisha na hivyo alivyofanya maisha yake yote, na wachezaji wa hoki wako radhi uwaguse mke kuliko uwaguse gongo.

"Nani kachezea gongo langu?"

Alisema kwa ukali. Wenzake walitazamana. Mmoja akaanza kucheka, akaona uso wa Jere, akaacha.

"Wewe mwenyewe," akajibu yule aliyekaa jirani yake. "Sasa hivi. Umeniomba utepe, nikakuambia ninao mweupe tu, ukasema poa. Mbona umeukalia."

Jere aliinua paja. Utepe ulikuwepo, mweupe, umebaki nusu.

Akacheka, akasema alikuwa anawapima tu kama wako macho. Wakacheka nao, kwa kuchelewa kidogo. Yeye akainama kama anayefunga kamba za viatu, ili wasimwone uso. Kazi ile ilikuwa imefanywa kwa mikono yake, na yeye hakuwepo. Basi alikuwa wapi? Na atakuwa wapi mchana, Raivis atakapokuja?

Wazee wetu walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kule Nurmes methali hiyo hawaijui, lakini kilio hakiulizi kama unaijua methali.

Bado kidogo waitwe. Jere alitoka kwenda kusimama kwenye korido, kwenye giza jepesi lililompumzisha macho, na hapo akamkuta Tuomo peke yake kwenye benchi, ameshavaa kila kitu, helmeti magotini. Jere alitulia kumwona. Alitaka kumwambia yote: visahani viwili, maneno yaliyopotea, utepe. Kama yupo mtu wa kumwambia la kufanya ni huyu, aliyegongwa kuliko wote na bado anacheza.

Lakini Tuomo ndiye aliyeanza. Alimsogelea kwa wema, kama anayemhurumia mgeni.

"Wewe ndiye dogo mpya, sivyo? Umeshafanya kipimo cha daktari?"

Jere alidhani ni utani. Alingoja kicheko.

"Nisikilize basi, kabla hujakifanya," Tuomo aliendelea. "Siku ya kwanza kuwa mjinga, dogo. Mjinga hana pa kuangukia."

Na mkono wake wa kulia ukainuka, ukachota kitu hewani, ukamwaga. Palikuwa hakuna upawa. Palikuwa hakuna mawe wala sauna, ni korido ya saruji na mapipa ya takataka.

"Mimi kuna mwaka nilifeli mpaka daktari akaniuliza kama najua kusoma."

Akacheka kicheko kilekile. Akajipiga paja palepale.

Jere alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alimtazama mtu wa picha yake ya ukutani, macho mazuri ya buluu, wazi, yanamtazama kwa upendo wala hayamjui. Na ghafla akaelewa kwamba jina lile la Kimmo halijawahi kuwa utani hata siku moja.

Watu wote walikuwa wamelicheka.

Mlango ukafunguliwa, wachezaji wakajaa kwenye korido wakigongana mabega. Tuomo akavaa helmeti akaenda mbele, kwa kuwa kepteni hutangulia. Kwenye lango la uwanja alisimama kocha Lohilahti, na Aune Tiilikka, na daktari Hilkka na mkoba wake.

Jere aliogopa kupita lango lile kuliko alivyowahi kuogopa chochote. Aliogopa vilevile kutolipita. Nafasi ilikuwa pale, hatua chache, na mama Aune alikuwa akimtabasamia. Akavua helmeti.

"Daktari, nilikudanganya."

Kila mtu alisikia.

"Siku ya kwanza maneno yote nilikuwa nayo, nikayaficha," alisema. "Leo nimeyatafuta sikuyapata. Naona vitu viwiliviwili. Nimefunga gongo langu na sijui nimelifunga saa ngapi."

Aune akafumba macho. Kocha akageuza uso, na katika kugeuka kule Jere aliiona nafasi yake ikiondoka. Iliuma, nisiwafiche, iliuma kuliko kile kipigo. Lakini daktari alikuwa ameshamshika kiwiko, uso umembadilika, anamwambia mtu akalete gari la hospitali.

Kisha akamuuliza kwa sauti ya chini: "Nani alikufundisha?"

Jere akaitazama helmeti mkononi.

"Simtafuti nimwadhibu. Aliyekufundisha anafanya hivyo na yeye. Na kama anafanya, mimi nimekuwa nikimruhusu mgonjwa acheze, sijui tangu lini. Niambie, Jere. Nani?"

Kuna sheria moja kwenye chumba cha wachezaji isiyoandikwa popote: hutaji mwenzako. Jere aliijua. Aliona macho ya wenzake yote yamemganda. Lakini aliuona pia ule mkono ukimwaga maji yasiyokuwepo, akaamua. Bora wamchukie, kepteni apone. Akavuta pumzi na kulitaja jina, wazi, kila mtu asikie.

"Ni Kimmo."

Hakuelewa kwa nini nyuso zimelegea. Hakuelewa kwa nini mtu wa nyuma amecheka puani. Kisha gongo moja likagonga sakafu, ko. La pili. Yote. Korido nzima ikavuma kwa heshima, ko ko ko ko, kwa kijana aliyembebesha mzigo mtu aliye mbali Uswidi ili kumlinda aliye karibu. Na aliyegonga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Tuomo Hakkarainen.

"Siyo hivyo," Jere alisema. "Nimesema Kimmo." Akasikia mdomo wake mwenyewe. Akajaribu tena, akiutazama ule uso anaoujua kuliko wa mjomba wake, akalitafuta jina lililoandikwa kwa herufi kubwa chini ya picha ya ukutani, na ulimi ukampa lilelile.

Daktari alikuwa amekasirika. Kimmo alikwishaondoka, alisema, hata hawakuwahi kuonana, na kama anaona huu ni wakati wa mizaha basi akae kwenye benchi, kando yake, mpaka gari lifike. Jere alitikisa kichwa, maumivu yakamtia kiza, akakalishwa.

Filimbi ikalia. Mchezo ukaanza bila yeye.

Kutoka benchi aliona kila kitu mara mbili, na kila kitu kilikuwa kibaya. Tuomo alichukua kisahani nyuma ya goli lao, mahali alipoanzia mashambulizi maisha yake yote. Akasimama. Akatazama upande huu wa uwanja, akatazama upande ule, kama mtu aliyetoka dukani akasahau njia ya kwao. Wenzake walimpigia magongo awape. Jukwaani walidhani anawavuta wapinzani kwa ujanja.

Raivis hakudhani kitu. Raivis alikuwa ametumwa. Aliinamisha mabega akaanza kuja, akiongeza kasi kila hatua, barafu ikiruka chini ya viatu vyake.

Mwondoe pale, Jere alijisemea. Mwite. Mwite sasa.

Aliruka, akaushika ubao wa benchi kwa mikono miwili, daktari akimvuta jezi, akakusanya pumzi yote kifuani amwite kepteni wake kwa jina lake.

"Kimmo!"

Tuomo alisikia. Uso wake ukachangamka. Akakiacha kisahani, akainua kichwa na kugeuka kabisa kuelekea benchi, akitabasamu, macho yakimtafuta rafiki yake, na Raivis alikuwa amefika.